Jinsi ya kuchagua vazi la mwanamuziki wa renfea (soma kabla hujanunua chochote)

Kila ikifika mwezi wa nne maswali yanaanza kuingia, na ni yaleyale. Nimeitwa kupiga ngoma renfea, nivae nini? Kanzu yangu ya harusi itafaa? Kuna nguo nimeiona online dola 60 wameandika ya kizamani, nichukue? Wanaouliza wengi ni ndugu zetu wa huku Marekani, wengine wamepiga taarabu au kinanda cha kanisani miaka na miaka, muziki hauwapi shida hata kidogo, shida ni nguo. Basi nimeona niandike yote sehemu moja.

Kwa asiyejua, renfea ni maonyesho ya wikiendi ambapo watu wanajenga kijiji kizima cha Ulaya ya miaka ya 1500, kuna malkia, wahunzi, wauza nyama, wapiga muziki, na mgeni akishalipa kiingilio anatembea humo kutwa nzima. Ya kwanza iliandaliwa California mwaka 1963 na Ron na Phyllis Patterson, sasa zimeenea, iko Shakopee kule Minnesota, iko Todd Mission Texas, iko Crownsville Maryland, iko Bristol pale Wisconsin karibu kabisa na mpaka wa Illinois. Wanamuziki wanahitajika kila pahala, na sisi wa pwani tuna bahati moja ambayo wengi hawaijui: zumari letu ni ndugu wa damu wa zile zumari za Ulaya za enzi hizo, mwanzi uleule wa ndimi mbili, na luti yao, chombo cha nyuzi, hata jina lake limetokana na Kiarabu al-ud, yaani udi huuhuu unaousikia kwenye taarabu ya Unguja. Kwa hiyo huendi pale kama mgeni wa muziki huo, na hilo uliweke kichwani unapochagua nguo.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa kila mtu, chagua kazi yako na chombo chako kwanza, nguo itakuja yenyewe. Anayeanza na nguo anaishia na dableti (koti fupi la kubana) nzuri ya picha ambayo mkono haunyanyuki kupiga ngoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi ya masharti ya mavazi ya renfea yako. Karibu zote wanayo, iombe mapema.
- Chombo chako chenyewe, pamoja na mkanda wake wa begani. Sio picha yake, chenyewe.
- Futi ya fundi, na mtu wa kukupima. Usijipime mwenyewe mgongo.
- Kioo kirefu.
- Bajeti. Seti ya kwanza mimi nilitumia kama dola 180 na nusu yake ilikuwa kitambaa na viatu.
- Muda. Wiki nane ukishonesha, wiki nne ukinunua iliyo tayari.
- Fundi, au cherehani na subira.

Hatua ya 1: Jua mnaigiza mwaka gani, wapi

Usikubali jibu la "kizamani tu". Kizamani cha lini? Renfea ya Bristol, kwa mfano, inaigiza siku moja ya mwaka 1574 malkia Elizabeth wa Kwanza alipoutembelea mji wa Bristol kule Uingereza. Ya Maryland iko enzi za baba yake, Henry wa Nane. Kutoka kwa baba hadi kwa binti nguo zilibadilika sana, wakati wa Henry mwanaume anaonekana mpana mabega kama kabati, kola iko chini, wakati wa Elizabeth kola imepanda shingoni, marinda yameanza, kiuno kimekaza. Ukivaa ya mmoja kwa mwenzie wageni wengi hawatajua ila mkuu wa mavazi atajua, na yeye ndiye anayekukagua kabla geti halijafunguliwa.

Kosa la hapa: kuchukua kilti (sketi ya wanaume) ya kukunjwa ya Scotland, kofia ya maharamia, au kofia ya pembe za Viking, kwa sababu duka limeziweka pamoja. Maharamia wale wa kofia ya kona tatu ni wa miaka ya 1700. Kilti fupi ile ya siku hizi nayo ni ya miaka ya 1700.

Hatua ya 2: Amua wewe ni mwanamuziki wa nani

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana nguo zako zote zinatoka hapa.

Uingereza ya enzi hizo mpiga muziki asiye na bwana alikuwa hatarini kweli. Sheria ya mwaka 1572 ya wazururaji ilimhesabu mpiga muziki asiyekuwa chini ya mkubwa yeyote kuwa ni mzururaji tu, akikamatwa anachapwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Kwa hiyo mtu alivaa nguo inayosema ni wa nani. Una njia kama nne hivi:

Wa kwanza ni mpiga muziki wa jumba la mfalme. Huyu anavaa sare ya mfalme.

Wa pili ni mpiga muziki wa mji, miji mikubwa ilikuwa inawalipa kabisa watu wa zumari na tarumbeta, wakapewa sare na mkufu au beji ya fedha. Wa London walikuwa na joho la buluu lenye mikono myekundu. Kama unapiga zumari hii kazi imekaa sawasawa na wewe, na ukiwa na wenzako watatu mkavaa sare moja mnapendeza mno.

Wa tatu ni mtumishi wa nyumba ya tajiri, nguo za heshima za sufu, beji ya bwana wake mkononi kwenye bega la kushoto. Rahisi, na haina gharama.

Wa nne ni wa barabarani na wa kilabuni, filimbi na kingoma, fidla, gitaa la zamani. Nguo zake ni za mtu wa kawaida, safi lakini zimevaliwa. Wanaoanza wengi nawapeleka hapa au kwa yule wa tatu.

Sasa swali ambalo watu wananiuliza kwa sauti ya chini, kaka, mimi mweusi, nitaonekana wa ajabu pale? Hapana. Msikilize John Blanke. Alikuwa mtu mweusi, mpiga tarumbeta wa Henry wa Saba halafu wa Henry wa Nane, na hatusemi kwa kubahatisha, malipo yake yameandikwa, peni 8 kwa siku mwaka 1507. Baadaye mwenzie mmoja alipofariki aliandika barua kwa mfalme kuomba apewe nafasi na mshahara wa yule marehemu, peni 16, na mfalme akakubali. Alipooa mwaka 1512 mfalme alimpa zawadi ya joho la kitambaa cha zambarau na kofia. Na sura yake tunayo! Kuna mchoro mrefu wa mita kama 18 wa mashindano ya mwaka 1511 pale Westminster, wapiga tarumbeta sita juu ya farasi, wenzake watano wako kichwa wazi, yeye amefunga kilemba. Amechorwa mara mbili, mara ya kwanza kilemba cha kahawia na njano, mara ya pili cha kijani na dhahabu. Nguo ni sare ileile ya wenzake, njano na kijivu, kilemba ni chake.

Mimi nilivyouona mchoro huo mara ya kwanza nilikaa kimya muda. Mtu kama mimi, anapiga muziki, analipwa, anadai haki yake ya mshahara, anavaa cha kwao kichwani juu ya sare ya mfalme. Kwa hiyo ukitaka kufunga kilemba kwenye renfea ya enzi za Henry, funga, una ushahidi mkononi. Mwonyeshe mkuu wa mavazi huo mchoro, mimi huwa natembea nao kwenye simu.

Njia ya tano ipo kwa anayetaka, mgeni kutoka pwani yetu. Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, watu wake waliandika kwamba mfalme alikuja na joho la damaski lenye pambo la satini ya kijani na kilemba cha thamani, na pamoja naye wapiga tarumbeta, zikiwemo siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa tundu la ubavuni. Hiyo ni enzi hiyohiyo kabisa. Lakini njia hii uombe ruhusa mapema, usiende ukashtukiza, maana wahusika wamepangwa na mkurugenzi lazima akutafutie kisa cha kwa nini mtu wa Malindi yuko kijijini kwao. Na siwa ya pembe usiitafute popote, biashara ya pembe ni haramu na ni balaa, ukitaka siwa chonga ya mbao.

Onyo kubwa kwa hii njia ya tano: usivae kitenge wala kanga. Najua ndio kitu cha kwanza kinachokuja kichwani. Kanga ilianza pwani miaka ya mwishoni mwa 1800, na vitenge vya nta navyo vililetwa na viwanda vya Uholanzi miaka hiyohiyo ya 1800. Ni vyetu, tunavipenda, ila miaka ya 1500 havikuwepo. Pamba nyeupe au ya rangi moja, hariri, kilemba, joho, hapo uko salama.

Hatua ya 3: Simama mbele ya kioo na chombo

Kabla ya kufikiria rangi, shika chombo kama unavyopiga na piga nyimbo mbili nzima. Angalia na uandike: nguo inagusana wapi na chombo? Mkono unapanda hadi wapi? Mkanda unapita wapi? Unahitaji pumzi kiasi gani?

Luti na udi: mgongo wa chombo ni mbao nyembamba mno, kifungo kimoja cha chuma kifuani kinaukwaruza siku ya kwanza. Mimi mwenyewe udi wangu una mstari wa sentimita nne hivi nyuma, nilipiga seti moja tu na dableti yenye vifungo vya shaba, ile kelele ndogo ya kukwaruza niliisikia nikadhani ni uzi. Tangu hapo nguo yangu ya mbele inafungwa kwa kamba ubavuni, au vifungo vya kitambaa.

Zumari, filimbi, tarumbeta na waimbaji: tumbo na mbavu ziwe huru. Kina dada, bodisi (nguo ya kubana kifua na kiuno) ikifungwa kamba, vuta pumzi ujaze kabisa ndipo ukaze, usikaze ukiwa umetoa pumzi. Kola ya marinda makubwa sahau, shingo ikivimba unapopuliza inakukaba.

Ngoma na kingoma cha begani: angalia kwapa. Watu wanadhani kwapa likikatwa chini sana mkono utakuwa huru, ni kinyume chake, kwapa likiwa chini ukinyanyua mkono nguo nzima inapanda nao. Kwapa likatwe juu, karibu na mwili, ndio mkono unanyanyuka peke yake. Mwambie fundi hivyo hivyo, akibisha mwambie ajaribu.

Fidla: enzi hizo wengi walishikilia kifuani au begani chini ya shingo, sio kidevuni kama leo. Ukishikilia kidevuni kola ndefu itakusumbua.

Hatua ya 4: Chagua kitambaa

Kitani kwa nguo ya ndani, sufu nyepesi au kitani kizito kwa ya juu. Pamba inakubalika sehemu nyingi na bei yake nafuu. Polista usivae, na sio kwa sababu ya historia tu, Bristol inafanyika mwezi wa saba na wa nane, jua la Midwest na unyevunyevu wake kama Tanga, nguo tatu juu ya mwili, polista haipitishi jasho, watu wanazimia. Mtu akisikia sufu anashtuka, ila sufu nyembamba juu ya kitani inapumua vizuri kuliko shati jembamba la polista. Jaribu uone.

Namna ya kujua kitambaa cha mitumba ni cha nini: kata nyuzi chache, shika kwa koleo juu ya sinki yenye maji, washa. Kitani na pamba vinawaka kama karatasi vinaacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unajizima wenyewe. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kitone kigumu cheusi kama ushanga. Kitone hicho kinaunguza vibaya, usikiguse.

Vipimo vya kumwambia muuzaji, kwa kitambaa cha upana wa inchi 60: shati yadi 3, dableti yadi 2 na bitana yadi 2, suruali ya magotini yadi 2, gauni la kike la kawaida yadi 4 hadi 5. Fua kitani na ukikaushe kabla ya kukata, kinasinyaa.

Hatua ya 5: Anza na shati la ndani

Hii ndiyo nguo ya kwanza kununua au kushona, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanaume ni shati refu la kufika mapajani, wanawake ni shimizi ya kufika chini ya magoti. Kila mtu alivaa, tajiri na maskini, ndiyo inafyonza jasho na ndiyo inafuliwa. Tengeneza mbili ili Jumapili usivae ya Jumamosi.

Habari njema ni kwamba shati hili limeshonwa kwa vipande vya mraba na mstatili tu, mikono imenyooka, na chini ya kwapa kuna kikwapa. Umeshaona wapi hiyo? Kanzu! Fundi yeyote wa kanzu anaweza kulishona, mwambie tu alifupishe, shingo aikusanye kwa marinda madogo na mkononi vilevile, afunge kwa kamba nyembamba. Mimi shati zangu mbili zilishonwa na mzee mmoja wa Unguja aliyekuja kumtembelea mwanae, alimaliza kwa siku mbili na hakuuliza swali hata moja.

Kosa la hapa: dada kuvaa bodisi bila shimizi ndani, mabega wazi kabisa. Madukani wanauza hivyo ila haikuwa hivyo, na ukaguzini utarudishwa.

Hatua ya 6: Nguo ya juu

Mwanaume: dableti, ambayo ni koti fupi la kubana, au jakini ambayo ni koti lisilo na mikono. Kwa anayeanza nasema jakini. Inaficha makosa ya fundi, mikono iko huru, joto linatoka. Ukitaka dableti, agiza mikono ya kufungwa kwa kamba begani, ndivyo nyingi zilivyokuwa, jua likiwaka unafungua unabaki na mikono ya shati. Chini vaa suruali pana inayofungwa gotini na soksi ndefu. Ile suruali fupi iliyojaa kama maboga mawili waachie watu wa jumba la mfalme, ukikaa kupiga chombo inakunyanyulia mikono.

Mwanamke: gauni la kawaida lenye kifua kinachofungwa kwa kamba na sketi yenye nafasi, juu yake aproni ya kitani. Sketi iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu kama unatembea huku unapiga, tope ni lingi. Na dada ukitaka kuvaa nguo za kiume kwa sababu ya chombo chako, renfea nyingi wanaruhusu, uliza tu.

Zipu na velkro ziwe zimefichwa kabisa au zisiwepo.

Hatua ya 7: Kichwa, miguu, kiuno

Usiende kichwa wazi. Mwaka 1571 ilitungwa sheria Uingereza kwamba kila aliyezidi miaka 6, ukiacha wakubwa na kina mama wa heshima, avae kofia ya sufu ya kufumwa Jumapili na sikukuu, asipovaa ni faini. Kofia bapa ya sufu inatosha kwa mwanaume, na ndiyo hiyohiyo unapitisha mwisho wa wimbo kukusanya tipu, kwa hiyo chukua yenye ukingo imara.

Wanawake walifunika nywele, kikofia cha kitani na kitambaa juu yake. Dada unayevaa hijabu, hapa wewe ndio uko sawa kuliko wote. Kitambaa cha kitani cheupe kifungwe chini ya kidevu, kofia juu yake, masikio na shingo vimefunikwa, na hakuna atakayekuambia uvue. Mwenye rasta au misuko, zikunje juu ndani ya kofia, toa shanga za plastiki.

Viatu: vya ngozi, bapa, rangi ya kahawia au nyeusi, bila nembo. Weka soli laini ndani, utasimama saa nane juu ya kokoto. Raba ndio kitu cha kwanza wanachokikamata mlangoni.

Kiunoni mkanda wa ngozi na kipochi cha simu, funguo na dawa ya macho. Kipochi kikae upande ambao chombo hakifiki. Saa vua. Miwani, kama huwezi bila, tafuta fremu ya duara ya chuma.

Hatua ya 8: Rangi

Rangi za mimea: nyekundu ya matofali, buluu iliyofifia, njano, kahawia, kijani cha majani makavu, kijivu cha kondoo. Tangazo la mwaka 1574 lilikataza watu wa kawaida kuvaa hariri ya zambarau na vitambaa vya nyuzi za dhahabu, hivyo ukitokea nazo unajiita mtu wa ukoo wa mfalme. Nyeusi iliyokolea nayo ilikuwa ghali, usivae nyeusi mwili mzima. Chukua rangi mbili tu, tatu na nyeupe ya shati, basi.

Hatua ya 9: Jaribio la saa tatu

Wiki mbili kabla, vaa kila kitu, viatu mpaka kofia, toka nje juani na upige kwa saa tatu. Panda ngazi, kaa chini kwenye nyasi, inuka, nenda chooni, kunywa maji. Ndiyo, chooni, maana kuna mtu alifungwa kamba kumi na sita na akagundua siku ya ufunguzi kwamba hawezi kuzifungua peke yake. Kila panapokwaruza weka alama ya chaki, mpelekee fundi.

Kukiwa na tatizo

*Nguo ya online imefika ni ndogo.* Usirudishe haraka. Fumua mshono wa ubavuni pande zote mbili, toboa matundu, funga kwa kamba, shati litaonekana katikati na ndivyo wengine walivyovaa. Unapata hadi inchi tatu.

*Mkanda wa chombo unateleza begani.* Jakini ya ngozi ndiyo inasababisha. Shona kipande kidogo cha sufu chini ya mkanda, au kitanzi cha kamba begani cha kuupitisha.

*Nasikia kizunguzungu.* Acha kupiga, kaa kivulini, legeza kifua, vua mikono, kunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari. Usimalize wimbo kwanza. Wenzako watamalizia.

*Mikono ya shati inaingia kwenye nyuzi.* Funga kamba ya mkononi juu kidogo, katikati ya kiwiko na kiganja, ukunje kitambaa kiangukie nyuma.

*Nguo inang'aa upya mno, naonekana nimetoka dukani.* Fua mara tano, anika juani, loweka kitani cheupe kwenye chai nyeusi usiku mmoja. Sugua magoti na viwiko kwa jiwe laini.

*Mkuu wa mavazi amekataa kilemba.* Muulize kwa adabu mnaigiza mwaka gani, mwonyeshe John Blanke. Kama ni enzi za Elizabeth, kuna balozi wa Morocco aliyekuja kwa malkia mwaka 1600 akachorwa na kilemba chake na joho jeusi, mwonyeshe na huyo. Mimi nilikataliwa mwaka wangu wa kwanza sehemu moja nikavua nikanyamaza, sikuwa na la kumwonyesha. Wewe unalo.

*Mvua.* Joho la sufu lifunike chombo kwanza, wewe baadaye. Sufu ikilowa ianike kivulini imelazwa, usiitundike, na luti au udi usiuache kwenye gari hata dakika kumi, gundi inaachia.